KABLA MTAMBO WA NITROJENI HAUJAFIKA
Nyumba, umeme, hewa na maji vitayarishwe namna gani



Mara nyingi mtambo mpya unapoletwa kiwandani, sisi huitwa siku ya mwisho. Tunaitwa kushusha masanduku kwenye lori, kusukuma, kuinua na kufunga boliti. Kisha tunaonyeshwa swichi na kuambiwa, “Haya, kazi ianze.” Wakati huo nyumba imekwisha kujengwa, mabomba yamekwisha kupita, na waliokata shauri juu ya mambo hayo yote wamekwisha kurudi makwao. Kama wamekosea, watakaolipa ni sisi tunaobaki na mtambo usiku na mchana.

Katika toleo hili tunataka kueleza juu ya mtambo mmoja ambao makosa yake hufanywa kabla haujawashwa. Nao ni mtambo wa kutengeneza nitrojeni. Tunasema tangu mwanzo neno tunalotaka kila mmoja wetu alishike: mtambo huu si mbaya kwa wenyewe. Nyumba unayowekewa, mahali moshi wake unapotokea, umeme unaouendesha na mabomba yanayoupokea ndivyo vinavyoamua kama utatusaidia au utatuua.

Kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa Rusizi

Hapa kwetu Rusizi tuna viwanda vya aina nyingi. Bugarama kuna kiwanda cha saruji cha CIMERWA, kilichoanza mwaka 1984, na ambacho mwaka 2015 kilifunguliwa njia mpya ya uzalishaji yenye uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka. Gishoma kulijengwa kituo cha umeme cha megawati 15 cha kuchoma nyiramugengeri, ule udongo mweusi wa mabondeni unaowaka. Shagasha kuna chai. Kahawa inalimwa vilimani, na mpunga katika bonde la Bugarama.

Nitrojeni ni gesi isiyowaka na isiyowasha kitu. Kwa hiyo viwanda vya namna hii duniani huihitaji kwa kazi nyingi. Makaa ya mawe au nyiramugengeri ikisagwa kuwa unga, unga ule unaweza kushika moto wenyewe ndani ya ghala lake, au kulipuka kama baruti. Ukijaza nitrojeni ndani ya ghala, oksijeni inapungua na moto unakosa chakula. Kahawa iliyokaangwa ikitiwa katika pakiti pamoja na nitrojeni haichachi upesi. Nafaka ikifungiwa ndani yake, fukusi hufa bila dawa ya sumu. Mafundi wa mabomba huitumia kusukuma mafuta na gesi zinazowaka kutoka ndani ya bomba kabla ya kulichomelea.

Zamani kiwanda kilinunua nitrojeni katika mitungi. Safari ya mitungi mizito kutoka mbali, kupitia msitu wa Nyungwe, ni ndefu na ya gharama. Ndiyo sababu wenye viwanda wengi siku hizi huona heri watengeneze nitrojeni yao papo hapo. Basi siku moja mtambo kama huu waweza kufika mahali pako pa kazi.

Mtambo unafanya kazi namna gani

Hewa tunayovuta si kitu kimoja. Katika kila sehemu 100 za hewa, 78 ni nitrojeni, 21 ni oksijeni, na iliyobaki ni gesi nyingine kidogo. Mtambo hauumbi nitrojeni. Unaichukua hewa na kuitenga.

Kwanza kompresa huvuta hewa ya nje na kuishindilia. Pili hewa hiyo hupozwa, hukaushwa na kuchujwa mafuta na vumbi. Tatu huingia katika mojawapo ya minara miwili iliyojaa punje nyeusi za kaboni. Punje hizo zina vitundu vidogo mno, na oksijeni huvipenya upesi kuliko nitrojeni. Oksijeni hunaswa, nitrojeni hupita na kwenda katika tangi lake. Baada ya muda mfupi mnara wa kwanza hujaa. Mtambo wenyewe huhamishia hewa katika mnara wa pili, na ule wa kwanza hufunguliwa ili uteme oksijeni iliyonaswa. Ndiyo maana ukisimama karibu utasikia mlio wa pumzi kubwa kila mara.

Kadiri nitrojeni inavyotakiwa iwe safi zaidi, ndivyo hewa nyingi zaidi inavyotumika. Kwa usafi wa sehemu 99.9 kati ya 100, mtambo waweza kuhitaji kiasi cha mita nne za ujazo za hewa ili kupata mita moja ya nitrojeni. Tutatumia mfano mmoja katika makala haya yote: kompresa inayovuta mita za ujazo 600 za hewa kwa saa, na mtambo unaotoa mita 150 za nitrojeni. Huo si mtambo mkubwa sana.

Adui asiye na harufu

Ndugu zetu wa Goma na Gisenyi wanaijua mazuku. Ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini penye volkano na kutuama mabondeni, na imekwisha kuua watu na mifugo. Wazee wanawaonya watoto wasicheze mahali pa chini asubuhi. Watu wa Kivu basi hawahitaji kufundishwa kwamba hewa isiyoonekana yaweza kuua.

Lakini nitrojeni ina hila kuliko mazuku. Mwili wa mtu hauna kengele ya kuonya kwamba oksijeni imepungua. Kinachotufanya tutweta na kutafuta hewa ni gesi ya kaboni ikizidi ndani ya damu. Mtu akiingia penye kaboni nyingi, kifua humbana, akapata japo nafasi ya kushtuka. Akiingia penye nitrojeni tupu, anaendelea kupumua vizuri, gesi ya kaboni inatoka mwilini kama kawaida, wala haoni dhiki yoyote. Akivuta pumzi mbili tatu, anaanguka. Asipotolewa na kupewa hewa katika dakika chache, amekufa. Hakuna harufu, hakuna moshi, wala macho hayawashi.

Tena, mazuku ni nzito, hutuama chini. Nitrojeni ya kawaida ni nyepesi kidogo kuliko hewa, nayo huchanganyika na kuenea chumba kizima. Usidhani kwamba utapona kwa kupanda juu au kwa kuinama.

Haya si maneno ya kutishana. Tume ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilitoa taarifa mwaka 2003, ikahesabu ajali 85 za nitrojeni zilizotokea nchini humo kati ya mwaka 1992 na 2002. Watu 80 walikufa. Mwaka 2005, katika kiwanda cha kusafisha mafuta huko Delaware, wafanyakazi wawili wa mkandarasi walikufa ndani ya chombo kilichojazwa nitrojeni. Wachunguzi waliona kwamba yaelekea mmoja wao aliingia ili kumwokoa mwenziwe. Mwezi Januari 2021, katika kiwanda cha kuku mjini Gainesville, jimbo la Georgia, nitrojeni ya maji ilivuja kutoka katika mashine ya kugandisha nyama. Wafanyakazi sita walikufa, na kati yao wamo walioingia kuwatafuta wenzao.

Ikiwa nchi yenye vifaa vyote inazika watu wake hivyo, sisi tuna haki ya kuuliza maswali mapema. Nayo maswali ni haya yafuatayo.

Swali la kwanza: Mtambo utawekwa mahali gani?

Mahali pawe pa wazi, penye upepo, mbali na ofisi, bwalo la chakula na chumba cha kubadilishia nguo. Pasiwe shimoni, pasiwe chini ya ardhi, wala katika stoo ya zamani isiyo na madirisha kwa sababu tu ipo na haina kazi.

Hewa anayovuta kompresa lazima iwe safi. Katika kiwanda cha saruji, bomba la kuvuta hewa lisielekee tanuri wala njia ya vumbi. Katika kiwanda cha chai, lisielekee bomba la moshi wa kuni. Popote pale lisiwe mahali malori yanapongoja huku injini zinaunguruma. Vumbi na mafuta huziba zile punje za kaboni. Zikiisha kuharibika, nitrojeni inayotoka huwa na oksijeni nyingi kuliko inavyodhaniwa. Hapo ghala la makaa linaweza kushika moto huku kila mtu anaamini kwamba lina kinga.

Msingi uwe wa zege imara, ulio sawa, na minara pamoja na matangi vifungwe kwa boliti zilizozama ndani ya zege. Hapa kwetu jambo hili si la urembo. Tunakumbuka Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lililopiga Bukavu na Cyangugu. Upande wa Rwanda peke yake walifariki watu zaidi ya 30, katika wilaya za Rusizi na Nyamasheke. Tangi refu lililosimamishwa juu ya sakafu bila kufungwa litalala chini siku tetemeko jingine likija, nalo litakatika mabomba yake likiwa na gesi tele. Kwa sababu hiyo hiyo, sehemu ya bomba inayounga tangi iwe na kiungo kinachoweza kupinda kidogo bila kuvunjika.

Tena milima yetu ina miteremko mikali na mvua kubwa. Kiwanja kikichimbwa kwenye ubavu wa mlima, pajengwe ukuta wa kuzuia udongo na mtaro wa kupeleka maji pembeni. Njia ya kuingizia mtambo ipimwe mapema: uzito wa lori, upana wa kona, urefu wa mlango na wa paa. Minara hii ni mirefu. Tumekwisha kusikia mara nyingi habari za milango kuvunjwa na watu kuumia kwa sababu hakuna aliyepima.

Pande zote za mtambo pabaki nafasi ya kutosha fundi apite na kufanya kazi, kiasi cha mita moja. Fundi anayejibana kati ya tangi na ukuta hawezi kukimbia.

Swali la pili: Nyumba itapumua namna gani?

Tufanye hesabu pamoja. Chukua chumba cha urefu wa mita 6, upana mita 5 na kimo mita 3. Ujazo wake ni mita 90. Mtambo wetu wa mfano umo ndani, kompresa iko nje, na milango na madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua. Bomba linaachia, na nitrojeni yote ya mita 150 kwa saa inamwagika chumbani.

Hewa nzuri ina oksijeni karibu sehemu 21 kati ya 100. Mpaka wa hatari unaotumiwa na wataalamu ni 19.5. Chumba chetu kitavuka mpaka huo baada ya dakika mbili na nusu. Baada ya dakika 10 hivi oksijeni itakuwa 16, na mtu ataanza kupoteza akili na nguvu za kufanya kazi bila mwenyewe kujua. Baada ya dakika 26 au 27 itakuwa 10, na mtu atazimia. Hizo ni dakika za mapumziko ya chai tu. Fundi wa zamu akitoka kunywa chai na kurudi, anaweza kuingia katika kaburi.

Tukumbuke pia kwamba uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya bahari, na Kamembe iko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ile ya Mombasa au Dar es Salaam. Akiba ya oksijeni tunayoanza nayo ni ndogo zaidi.

Kwa hiyo tunadai mambo manne. Kwanza, nyumba iwe na matundu makubwa ya hewa chini na juu, kuta mbili zinazotazamana, yasiyoweza kufungwa hata na mtu anayesikia baridi. Mahali penye joto kama Bugarama, banda lenye paa na kuta nusu latosha, tena ni bora kuliko nyumba. Pili, bomba la valvu ya usalama na bomba la kupumulia tangi yapelekwe nje, juu ya paa, mbali na dirisha lolote. Tatu, oksijeni inayotemwa na minara nayo itolewe nje, mahali pake peke yake. Hewa yenye oksijeni iliyozidi hufanya nguo, mafuta na grisi zishike moto kwa cheche ndogo. Pasiwe na mvuta sigara wala kazi ya kuchomelea karibu na tundu hilo. Nne, kiwekwe kipimo cha oksijeni chenye kengele na taa. Taa iwe nje ya mlango, ili mtu aione kabla ya kuingia. Kengele ilie oksijeni ikishuka hadi 19.5. Kipimo hicho huchoka, basi kijaribiwe kwa ratiba na tarehe iandikwe.

Swali la tatu: Umeme unatosha, na ukikatika inakuwaje?

Kompresa ya mfano wetu inataka kiasi cha kilowati 55. Mota kubwa ikiwashwa moja kwa moja, kwa sekunde chache huvuta mkondo mara tano hadi nane ya ule wa kawaida. Kama transfoma na nyaya za kiwanda tayari zimelemewa, taa zitafifia, mashine nyingine zitasimama, na mtu aliyetia mkono katika mashine akidhani imezimika anaweza kukatwa itakapoamka. Kwa hiyo fundi umeme apime mzigo wote wa kiwanda kabla mtambo haujaagizwa, na mota iwekewe kiwashio cha kuanza polepole.

Mota nyingi zimepimwa kwa kufanya kazi hadi mita 1,000 juu ya bahari na katika joto lisilozidi digrii 40. Kamembe na Shagasha ziko juu ya hapo. Hewa nyepesi hupoza mota vibaya zaidi, na kompresa inayovuta hewa ya mita 1,500 hupata hewa pungufu kwa sehemu kama 15 kati ya 100 ikilinganishwa na pwani. Mwenye kiwanda akinunua kwa vipimo vya pwani, atapata nitrojeni kidogo kuliko aliyoilipia. Kisha zamu itaambiwa iulazimishe mtambo. Mwuzaji aambiwe kimo cha mahali kwa maandishi.

Radi nayo ni jirani yetu. Nchi hizi za Kivu ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa sana na radi duniani. Minara, matangi na paa viunganishwe na waya mnene unaokwenda ardhini, na fundi aupime kila mwaka. Waya ulioliwa na kutu haumlindi mtu.

Sasa swali kubwa. Mto Rusizi unatoa umeme kwa nchi tatu. Kituo cha kwanza ni cha miaka ya 1950, na cha pili, chenye karibu megawati 44, ni cha mwaka 1989. Hata hivyo hakuna mfanyakazi asiyejua giza la ghafla. Umeme ukikatika, kompresa inasimama, lakini tangi bado limejaa gesi yenye nguvu. Kama usalama wa chumba unategemea feni, feni nayo imesimama. Ndiyo maana tumesema kwanza matundu, kisha feni. Kipimo cha oksijeni na kengele viwe na betri. Valvu kuu ijifunge yenyewe umeme ukipotea. Na umeme ukirudi, mtambo usijiwashe mpaka mtu auwashe kwa mkono wake.

Swali la nne: Joto na maji vitakwenda wapi?

Karibu umeme wote unaoingia katika kompresa hugeuka kuwa joto. Kilowati 55 za joto katika chumba kidogo ni tanuri. Mota itazimika, kikaushi kitashindwa, maji yatafika kwenye punje za kaboni na kuziua. Halafu zamu itafungua milango kwa mawe na kuondoa vifuniko vya mashine ili ipoe, na hapo vidole vitaanza kukatika. Heri kompresa iwe na njia yake ya kupeleka hewa ya moto nje.

Hewa yetu ina unyevu mwingi. Ikishindiliwa na kupozwa, unyevu huo hutoka kuwa maji. Kwa kompresa ya mfano wetu, katika siku ya joto na unyevu, ni kiasi cha lita 10 kwa saa. Zamu moja ya saa nane ni lita 80, yaani jerikeni nne za lita 20. Maji hayo yamechanganyika na mafuta ya kompresa. Yakiachiwa sakafuni, watu watateleza. Yakimwagwa mtaroni, yatashuka mpaka kwenye mashamba ya mpunga na kwenye mito ambamo wake zetu na watoto wetu huteka maji. Liwepo tangi la kutenga mafuta kabla maji hayajaachiwa, na mafuta yawekwe katika pipa la kukusanywa. Wenzetu wa mashambani wana haki ya kuona pipa hilo lilipo.

Usisahau makelele. Kelele zikifika desibeli 85, masikio yanaharibika polepole bila maumivu. Bomba la kutema hewa liwekewe kizuia sauti, na walinda mtambo wapewe vifaa vya masikio.

Swali la tano: Mabomba yanakwenda wapi, na nani anajua?

Bomba la nitrojeni na bomba la hewa ya kawaida hufanana kama mapacha. Hapo ndipo kifo hupita. Huko Marekani mwaka 2000, katika nyumba ya kutunzia wazee, mtungi wa nitrojeni uliunganishwa kwenye njia ya oksijeni ya kupumulia. Watu wanne walikufa. Katika viwanda, mtu huunga mpira wa barakoa yake kwenye bomba analodhani ni la hewa.

Kwa hiyo bomba la nitrojeni lipakwe rangi yake peke yake, liandikwe NITROJENI kila baada ya mita chache, kwa lugha wafanyakazi wanazosoma: Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa. Viungo vyake viwe vya umbo tofauti, ili mpira wa hewa usiweze kuingia hata mtu akilazimisha. Kila tawi liwe na valvu inayofungwa kwa kufuli. Na ni mwiko kutumia nitrojeni kupuliza vumbi kwenye nguo, kujipoza jasho, au kusafisha shimo ambamo mtu yumo.

Mwisho wa bomba ndio mahali pa hatari kuliko pote. Ghala, tangi au chujio lililojazwa nitrojeni halina hewa hata likionekana tupu na safi. Asiingie mtu, wala asiingize kichwa, mpaka bomba limefungwa kwa kufuli na kutenganishwa, ndani pamepulizwa hewa nzuri, oksijeni imepimwa juu, katikati na chini, na kibali kimetiwa sahihi. Mwenziwe abaki nje muda wote akiwa ameshika kamba. Mwenziwe huyo akimwona ameanguka, avute kamba na apige kengele. Asiingie bila mtungi wa hewa mgongoni. Tunajua kwamba ni vigumu kwa mtu mwenye moyo kusimama nje huku ndugu yake amelala. Lakini ukiingia hivi hivi hutamwokoa, na watoto wako nao watakuwa yatima.

Haki yetu na wajibu wetu

Mwajiri mwingine atasema, “Hayo ni mambo ya mainjinia.” Sisi tunajibu kwamba mainjinia wana kazi yao na wafanyakazi wana yao. Sheria ya kazi ya Rwanda, namba 66 ya mwaka 2018, inamtaka mwajiri alinde afya na usalama kazini. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa mahali penye hatari kubwa ya papo hapo, akiwa na sababu ya kweli ya kuiamini hatari hiyo. Tangu mwaka 2022 mkataba huo umewekwa katika mikataba ya msingi ya Shirika hilo, na mahali pa kazi palipo salama pamehesabiwa kuwa haki ya msingi ya kila mfanyakazi.

Lakini haki iliyo katika karatasi ni kama jembe lililo stoo. Lazima litolewe na kushikwa. Basi kamati ya usalama ya kiwanda iombe kuona michoro kabla msingi haujachimbwa. Iende kiwanjani na kamba ya kupimia. Siku ya kuujaribu mtambo, wajumbe wawepo, kengele ijaribiwe masikioni mwao, umeme ukatwe makusudi waone kinachotokea. Kila mtu wa zamu, pamoja na kibarua wa siku moja, mlinzi wa usiku na mfagiaji, aelezwe kwa lugha yake maana ya ile taa iliyo juu ya mlango. Wengi wanaokufa katika ajali hizi si mafundi wa mtambo. Ni watu wa kazi nyingine waliopita tu, au walioingia kusaidia.

Kamati ikate ukurasa huu na kuubandika ukutani. Ichukue maswali yale matano, mahali, nyumba, umeme, joto na maji, mabomba, na kila moja iliandikie jibu lenye jina la mtu anayehusika na tarehe. Swali lisilo na jibu liwe sababu ya kutotia sahihi. Kuchelewesha mtambo wiki mbili ni hasara inayoweza kulipwa. Mtu aliyelala chini ya mtambo halipiki.

Tunataka viwanda vikue, maana ndivyo vinavyotulisha. Tunataka pia kila anayeingia zamu ya usiku arudi nyumbani asubuhi.

Umoja ni nguvu. Usalama kwanza, kazi baadaye.